Sebule ya Kuazima

Hivi wewe unayesoma hapa, hebu nijibu: umeomba ufadhili wa masomo kwa sababu kwenu hakuna kitu, mfadhili akasema sawa, nakuja nione kwa macho yangu, ukamleta mwenyewe mpaka mlangoni, ukafungua, ukakuta sebule imejaa makochi ya ngozi ambayo hujapata kuyaona tangu uzaliwe. Ungesema nini?

Naima hakusema kitu. Ndivyo tulivyomwacha juma lililopita, mkono kwenye kitasa, mdomo wazi. Nyuma yake Bi Khatija, mama wa Kihindi mwenye Mfuko wa Hyder, anavua viatu taratibu kwa ajili ya magoti yake mabovu. Nyuma ya Bi Khatija ni Brightson, kijana wa ofisini kwake, suruali imembana, kitambulisho kinaning'inia shingoni kikubwa kuliko cheo chenyewe, simu kaishainua apige picha.

Asubuhi Naima alipotoka kwenda chuoni, sebule ile ya Tandika ilikuwa na mkeka, viti viwili vya plastiki, kimoja kimefungwa mguu kwa waya, na mlango mbovu alioulaza juu ya ndoo ukawa meza yake ya kuchorea. Basi.

Sasa kulikuwa na makochi meupe kama maziwa. Kapeti jekundu ukuta hadi ukuta. Friji refu kuliko mumewe. Televisheni pana imeegemezwa ukutani, maana misumari ya kuitundikia haikupatikana. Mapazia yenye vishada, na kwenye pazia moja kile kikaratasi cha dukani bado kinapepea.

Na katikati ya utajiri wote huo, Bi Mwajabu au Mama Anwar, mama mkwe wake, kakaa kama mke wa waziri. Bangili mpaka kwenye kiwiko. Bangili zenyewe zimeanza kumwacha alama ya kijani mkononi, lakini nani anaangalia?

"Asalaam aleikum, karibuni, karibuni kwetu!" akasema, sauti kaibana puani. "Mtatusamehe, nyumba haijapangwa."

Haijapangwa! Mwanamke huyo huyo juzi kavunja mlango wa kabati akaufanya kuni.

Ilikuwa hivi: Mfuko wa Hyder unawasomesha wanafunzi ambao tayari ni wazazi na hawana wa kuwashika mkono. Naima alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya ubunifu wa vitambaa. Alipata mimba akiwa hosteli za Mabibo, akaolewa, akazaa, akarudi darasani na mtoto mgongoni. Kazi yake ya kumalizia, kanga alizozibuni mwenyewe, pindo mpaka mji, ilikuwa tayari. Chuo kikamwambia, bila ada hutaonyesha kitu hapa, na usipoonyesha huhitimu. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Bi Khatija aione dhiki yake, aseme ndiyo.

Sasa aione wapi?

"Mama," Brightson akamnong'oneza bosi wake, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani, "hii siyo kaya lengwa."

"Ngoja, Brightson."

"Mama, lile friji hata mimi sina."

"Nimesema ngoja."

Bi Khatija akapiga hatua moja, akasimama kwenye ukingo wa kapeti. Akalitazama. Akainua mguu, akaurudisha.

"Mama Anwar," akauliza, kwa Kiswahili cha mtoto wa Kariakoo aliyezaliwa na kukulia huko huko, "hili kapeti mmelipata wapi?"

"Dubai," akajibu Bi Mwajabu, hakumeza hata mate.

"Dubai. Mbona lina mistari ya safu?"

Na kweli lilikuwa nayo, mistari myeupe imenyooka, nafasi ya mtu na mtu. Lilikuwa zulia la madrasa ya jirani, na aliyelibeba begani mchana kweupe, watoto wakiwa wametoka kusoma, alikuwa Anwar, mume wa Naima.

Anwar mwenyewe alikuwa kajinyoosha kwenye kochi, koti la harusi ya mtu mwingine, miwani ya jua ndani ya nyumba. Ukimuuliza kazi yake, anafanya biashara za mtandaoni. Ukimuuliza biashara gani, anaangalia saa. Ni mwanaume wa kuamka adhuhuri akauliza kama chai bado ya moto.

"Ni fasheni, mama," akasema. "Siku hizi wanatengeneza hivyohivyo. Nyie watu wa zamani hamwezi kujua."

Bi Khatija akalizunguka zulia kwa kufuata ukuta, kiganja kimoja kwenye rangi inayobanduka, mpaka akafika kwenye kochi. Naima akatamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Tandika haipasuki kwa mtu maskini.

"Huyu ndiye mumeo, Naima?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiye mie!" Anwar akadakia, akavua miwani. "Mke wangu huyu namsomesha mwenyewe. Ada, nauli, vitabu, kila kitu juu yangu. Mie siyo wale wanaume wa kuacha wake zao wahangaike."

Brightson akaandika kitu kwenye simu yake, kidole kinaruka kwa furaha.

Naima akamtazama mumewe. Mwanaume ambaye juzi kaiba penseli zake za rangi akaenda kuziuza ili anywe supu. Namsomesha! Na alivyolisema, kaliamini mwenyewe.

"Mama, naomba tuongee kidogo jikoni," Naima akamwambia mkwewe.

"Ongea hapa hapa mwanangu, sie nyumba hii hatuna siri."

"Kidogo tu, mama."

Bi Mwajabu akanyanyuka, bangili zinalia kama mkokoteni wa chupa. Jikoni, uso ukabadilika papo hapo. Mwanangu ikaishia mlangoni.

"Unataka nini, we mtoto?"

"Mama, hawa wanasaidia watu wasio na kitu. Nilikwambia jana. Nilikwambia juzi. Akiona hivi vitu hanipi."

"Kwa hiyo ulitaka nimtandazie mgeni njaa yangu? Nimwoneshe na tundu la paa?" Bi Mwajabu akasonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni. "Kwetu sie mgeni haoneshwi sufuria tupu. Labda huko kwenu mlikotoka."

"Kwetu ni Mtoni kwa Azizi Ali, mama. Hapo tu."

"Ndo hukohuko."

"Na meza yangu iko wapi? Michoro yangu?"

"Ile takataka? Kamuulize mumeo."

Naima akachungulia uani. Meza yake imesimamishwa kwenye banda la kuku, jogoo kashapanda juu na kaishafanya lake. Michoro hakuiona. Aliiona aliporudi sebuleni: kochi moja lilikuwa na mguu mfupi, na chini ya mguu ule, zimekunjwa mara nne, zilikuwa karatasi zake. Lile pindo la mikorosho lililomchukua mwezi wa Ramadhani mzima. Juu yake kakaa Anwar.

Akameza. Mambo yote aliyameza. Maana mkaza mwana akimwumbua mkwewe mbele ya mgeni, hata kama kasema kweli tupu, jua halizami yuko nje na begi lake. Na Nusaiba, binti yake wa miaka mitatu, analala kitanda cha bibi yake. Anaogeshwa na bibi, anasukwa na bibi. Hilo Naima alilijua, na Bi Mwajabu alijua kwamba analijua.

"Naomba maji ya baridi," akasema Bi Khatija.

Bi Mwajabu akaliendea friji kwa madaha, akalifungua kama anafungua kasri.

Giza. Hata taa ya ndani haikuwaka. Ndani, rafu zote tatu, zimesheheni barafu za ubuyu kwenye vimfuko, mamia kwa mamia, zimelegea kama nyanya za jana. Kimfuko kimoja kikateleza, kikapasuka sakafuni. Kisha cha pili. Mchirizi mwekundu ukatoka chini ya friji, ukaanza safari yake polepole kuelekea zulia la madrasa.

"Watoto wanapenda ubuyu," Bi Mwajabu akasema.

"Watoto wangapi, mama?" akauliza Brightson.

"Mmoja."

"Umeme umekatika mtaa mzima, braza," Anwar akaingilia. "Tangu asubuhi. Tanesko hao, unawajua."

Ng'ambo ya barabara spika ya kinyozi ilikuwa inapiga singeli mpaka vikombe vinatetemeka. Mtaa mzima una umeme. Isipokuwa nyumba hii, ambako umeme wa luku uliisha tangu wiki iliyopita na hakuna aliyenunua, kwa kuwa mwenye biashara za mtandaoni alikuwa anasubiri mzigo.

Bi Khatija akapokea maji ya vuguvugu, akashukuru. Kisha kila mtu akaletewa sahani yake ya katlesi. Bi Khatija akala yake, akaifuta sahani kwa kitambaa, halafu akafanya jambo ambalo Naima hakulielewa. Akaigeuza sahani juu chini.

Chini ya sahani kulikuwa na nukta ya rangi ya kucha. Nyekundu.

Akaigeuza sahani ya Brightson. Nukta ya kijani. Akaichukua na ile ya Anwar. Msalaba mweupe.

Uso wa Bi Mwajabu ukanywea.

Nyie wanawake mnaosoma hapa mmeshaelewa, na nyie wanaume nitawaambia. Mtaani kwetu, mwenye shughuli huazima vyombo kila nyumba, na ili sahani zisije zikapotea kwenye kuoshwa, kila mwanamke anaweka alama yake chini kwa rangi ya kucha. Huyu nukta, huyu msalaba, huyu mstari. Shughuli ikiisha kila sahani inarudi kwao. Sasa Bi Mwajabu alihangaika na makochi, akahangaika na mapazia, akavaa bangili za bandia, akasahau kwamba mwanamke wa Kihindi wa Kariakoo naye kapikia misiba.

"Marehemu mama yangu alikuwa anaweka mwezi mdogo wa bluu," Bi Khatija akasema. "Tulikuwa tunaazimana na majirani mtaa mzima. Mama Anwar, hivi vitu vyote ni vya kuazima, siyo?"

Moyo wa Naima ukaruka. Ameona! Kaona mwenyewe, bila mtu kumwumbua mtu!

"Vya kuazima? Mie?" Bi Mwajabu akashika kifua. "Hiyo nukta ni urembo. Sahani zangu zimekuja nazo."

"Urembo wa chini ya sahani?"

"Ndo ulivyo siku hizi."

Na hapo Brightson, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasimama, akajikohoza.

"Mama, naomba niseme kitaalamu. Kama vitu ni vyao, hawana sifa. Kama ni vya kuazima, wametudanganya, na kanuni yetu iko wazi, mwombaji anayetoa taarifa za uongo anaondolewa. Kwa hiyo kwa vyovyote vile huyu dada hatufai. Tunaokoa muda."

Akasema tunaokoa muda kana kwamba kuna mahali anasubiriwa.

"Lakini mie sijadanganya!" Naima akasema. Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

Bi Khatija akamgeukia. Macho yake hayakuwa makali, lakini hayakuwa ya mchezo.

"Basi nani kadanganya, Naima? Niambie. Nikitoka kwenye mlango ule sirudi tena, kuna wengine wananisubiri na mie magoti yangu ndiyo haya. Nani kavileta vitu hivi, na kwa nini?"

Naima akamtazama mkwewe. Bi Mwajabu akamtazama Naima, kope hazipepesi. Jicho lile lilikuwa linasema kwa sauti kabisa: thubutu.

Anwar alikuwa anatafuna katlesi ya tatu.

Naima akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

"Sawa," Bi Khatija akasema. Akashika mkono wa kochi, akaanza kujiinua.

"Hodi humu! Hodi tena, au nipite tu?"

Hata hakusubiri karibu. Alikuwa Sesilia, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wa Bukoba mwenye kifua kipana na mdomo usio na breki, mikono imetapakaa unga. Nyuma yake vijana wawili na toroli.

"Mama Anwar, saa saba uliniambia! Saa saba! Sasa hivi wanafunzi wanatoka shule, na mie barafu zangu ziko..." Akaliona friji liko wazi. Akaliona ziwa jekundu. Akashika kichwa. "Yesu wangu! Umelizima? Umeazima friji la biashara yangu halafu hujalichomeka?"

"Sesilia, nina wageni," Bi Mwajabu akasema kwa meno yaliyofungwa. "Njoo baadaye."

"Baadaye gani? Ubuyu wangu unanywewa na zulia la madrasa!" Akazungusha macho. "Hee, na makochi ya fundi Mwinshehe haya! Si ya bwana harusi wa Mbagala haya, anayachukua kesho? Mama Anwar, na hilo koti la mwanao..."

"Toka!"

"Sitoki bila friji langu."

Anwar akainuka, akamwona Sesilia alivyo mkubwa, akakaa tena.

Brightson akacheka, kicheko cha puani. "Mnaona? Familia nzima. Huu ni utapeli wa wazi, mama. Na huyu dada ndiye kinara."

"Kinara nani? Naima?" Sesilia akamgeukia, mikono kiunoni. "Wewe kijana mwenye suruali ya kukaba pumzi, hebu nyamaza. Mtoto huyu asubuhi katoka hapa hakuna hata stuli. Anajua nini?"

"Dada," Bi Khatija akasema taratibu, "wewe unajua?"

"Sesilia!" Bi Mwajabu akapiga kelele. Kelele ile haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyekanyaga moto, na Naima, kwa mara ya kwanza siku ile, akashangaa. Fedheha ya friji si imeshatoka? Mwanamke huyu bado anaogopa nini?

"Najua, kwa nini nisijue?" Sesilia akasema. "Alipokuja kuniazima nikamuuliza vizuri tu. Nikamwambia, shoga, mkaza mwanao kaniambia hao wageni wanakuja kuangalia dhiki. Wakikuta friji si watamnyima? Nikamwambia mkeka wako unatosha, wewe kaa nao hapo hapo."

"Akasema nini?"

Sesilia akamtazama Bi Mwajabu. Hata yeye sasa aliona kwamba neno alilonalo mdomoni ni zito. Lakini mdomo wake lini uliwahi kurudi nyuma?

"Akaniambia, ndiyo maana naazima."

Singeli ya kinyozi ikakatika. Ndani ya nyumba ikabaki sauti ya ubuyu ukidondoka.

Naima akakaa chini, pale pale, kwenye sakafu tupu pembeni mwa zulia. Siku zote kamdhania mkwewe mpumbavu. Mwanamke wa kupenda sifa, akipewa bangili ya bati anaona dhahabu. Kumbe mpumbavu alikuwa yeye. Mwanamke yule alijua kila kitu. Alihamisha nyumba nzima ya watu kwa toroli, akavunja biashara ya jirani, akaivua na madrasa zulia lake, kwa makusudi, ili Naima asipate.

"Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Kwa nini?"

"Usimsikilize huyu mnywa gongo."

"Mama, nakuuliza mimi. Nimekuogesha ulipougua. Nakufulia. Sijawahi kukujibu hata siku moja. Leo nijibu wewe. Ulikuwa unataka nini?"

Bi Mwajabu akamtazama Bi Khatija, akamtazama Sesilia. Hakuna aliyemwondolea macho. Akavua bangili moja, akaitupa kwenye kochi. Akavua nyingine. Alipozimaliza, mikono ilibaki myembamba, ya kijani, ya bibi kizee.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Nusaiba akatoka, usingizi usoni, nywele zimesukwa zinang'aa mafuta. Akampita mama yake. Akaenda moja kwa moja kwa bibi, akamshika pindo la kanga, akasimama hapo.

Na Bi Mwajabu akaweka mkono kwenye kichwa cha mtoto.

"Nilitaka ukose," akasema. "Haya, nimesema. Nilitaka wakunyime, shule ikushinde, urudi jikoni tukae kama tulivyokuwa. Wewe mjinga huyajui haya, mie nayajua. Mwanangu nimemzaa mwenyewe, namfahamu, hana kazi, hana akili, hana hata haya. Mwanamke mwenye shahada yake atakaa naye kwa lipi? Siku utakayomaliza utamchukua Nusaiba wangu utaondoka, na hutageuka nyuma." Akanyoosha kidole chake cha kijani kuelekea kochi, kwa mwanaume aliyevaa koti la mtu, katlesi imemganda mdomoni. "Na mie nitabaki na huyu."